Mutoto anavunja mayai, mama eko anapiga hesabu: nani atalipa?

Barua

Jambo Yaya. Mi niko nauzisha mu alimantasio moja ya kati ya mji apa Lubumbashi, ni mwaka wa tatu sasa, na kazi nilikuwa naipenda mpaka masomo ilifungwa. Tangu mwezi wa saba bamama banakuya na batoto bane ao batano, bakiingia tu mama anashika kikapo na batoto banatawanyika sawa vile kuku. Moja anafungua frigo anaramba barafu (na hii baridi yote ya asubui!), mwingine anapanda ndani ya kigari, mwingine anatoboa yaurti na kidole, anaramba, kisha anairudisha fasi yake muzuri kabisa, shiye tunakuya kuigundua kisha siku mbili juu ya harufu.

Siku ya posho yenye ilipita njo nilichoka. Ka kijana ka miaka sita hivi kalivuta plato ya mayai ya chini, na juu yake kulikuwa zingine tano. Yote ikakuya chini. Piga hesabu, mayai 180. Mama yake eko kwa kese, kichwa ndani ya telefone, hata hakugeuka. Nikamuambia mupole tu, "mama, mutoto wako," akanijibu mbele ya batu yote, "kwani wewe banakulipa juu ya nini, si kuangalia?" Zamu yetu, mulinzi wa butiki, naye akasema huyu mutoto ni mulozi, mama akawaka moto, bateja bakagawanyika, fujo tu. Mwisho patro akasema mayai itatoka kwa mushahara wangu juu mi njo nilikuwa upande ile.

Yaya, nifanye nini? Nimeanza kuchukia batoto ya batu, na mi mwenyewe niko na tumbo ya miezi tano.

*Muuzishaji wa Katuba*

Yaya anajibu

Mudogo wangu, pole sana na hongera ya tumbo. Barua yako niliisoma mara mbili, na mara ya pili nilicheka kwa ile ya yaurti, unisamehe, juu mi nilikaa miaka munane nauzisha viatu vya batoto na ile kidole ninaijua.

Nianze na zamu kwanza, haraka. Umuambie, ao patro amuambie, ile neno asiirudilie tena. Sheria ya kulinda mutoto, ile ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009, inakataza kabisa kumusingizia mutoto bulozi, na mutu anaweza kufungwa juu yake. Mutoto alivuta mayai. Alivuta juu iliwekwa fasi mukono yake inafika, basi. Na batoto benye baliitwa jina ile kwa muchezo mu mji huu, bangine bako banalala inje mpaka leo. Na vilevile usimupige kofi mutoto wa mwenzako, hata akumwangie mafuta kichwani. Mushike mukono, mupeleke kwa mama yake, unaachia pale.

Sasa makuta. Hapa njo nilikasirika, na si juu ya mama. Kodi sivili yetu (ile sheria ya mambo ya batu kwa batu), kitabu cha tatu, ile ya tangu 1888, artikle 260, inasema bazazi banajibu juu ya hasara ya batoto benye kuishi nabo, ila kama banaonyesha hawakukuwa na namna ya kuizuia. Haisemi muuzishaji mwenye alikuwa upande ile. Kwa hiyo patro akitaka kukata mushahara, umuombe kwa adabu akuandikie kwa karatasi anakata ngapi na juu ya kosa gani, na asaini. Bapatro mingi bakisikia neno "karatasi" hasira inapunguka. Akiandika kweli, ile karatasi unaipeleka kwa inspeksio ya kazi, beko pale juu ya mambo kama haya.

Lakini usikimbie kumupelekea yule mama artikle, juu naye atakuuliza kitu kimoja tu: nani alipanga plato sita za mayai kwa kimo cha magoti? Na hapo patro wenu hana jibu. Mayai inakaa juu, mafuta ya chupa inakaa juu, chini munaweka savo na makopo. Na bombo zenye muliweka karibu ya kese, kwa macho ya mutoto, si mulitaka avute mama yake nguo alie mpaka anunuliwe? Butiki inamutega mutoto kisha inashangaa anashika.

Sasa yule mama mwenye kichwa ndani ya telefone. Wewe uliona mutu hajali. Mi nilisimama kwa kese, ngoja nikuambie kile nilikuwa naona. Bei iko kwa dola, yeye eko na franka, taux ya butiki si ile aliacha kwa kambista wa barabarani, anafungua kalkulatrisi. Inapungua. Anatosha noti ya dola kumi, unaigeuza kwa mwanga, iko na kapasuko kadogo kwa pembe, kama ukucha, unamurudishia. Anapigia bwana. Bwana anasema ngoja nitume kwa M-Pesa, mesaji haifike, nyuma kuko batu saba bananung'unika. Ndani ya zile dakika kumi mutoto ni wa nani? Ni wa hakuna. Na wewe wakati ile unamuita "mama, mutoto wako" mbele ya batu saba, hata ukisema mupole kama malaika, yeye anasikia umemuambia hajui kulea. Lazima akutukane. Simutetee, lile jibu lake lilikuwa baya, lakini linatoka pale.

Basi fanya hivi: wacha mama, kwanza ongea na mutoto. Siku moja tarehe kama 23 ya mwezi wa kumi na mbili, unajua vile butiki ya viatu inakuwaka mbele ya bonane, batoto banavalishwa, bamama banapiga kelele, kijana moja alikaa chini nyuma ya rafu akafungua boksi kumi na mbili na akatosha viatu vya kushoto tu. Vya kushoto tu! Akavipanga musitari, sawa treni. Mwenzangu alikuwa anakuya na hasira. Mi nikachutama nikamuuliza jina, nikamuambia, "Papa, treni yako haina ndugu, kila kimoja kitafutie ndugu yake." Alifanya kazi nusu saa, ulimi inje, na bili ya mama yake ilipoisha hakutaka kutoka. Viwili tu njo alikosea, kulia ya 28 na kushoto ya 29, na mama moja alivirudisha siku ya pili ya mwaka mupya akitutukana, lakini hiyo ni habari ingine.

Mutoto umupe kazi. "Shika hii sabuni ya mama mpaka kwa kese." "Nihesabie haya makopo." Muite papa, muite mama, vile tunaitaka batoto yetu nyumbani. Mukubwa wao umupe cheo, umuambie yeye njo chef wa badogo. Wenye habatasikia batakuwa, ndiyo, kwa hao sasa unafuata mama karibu, unainama kwa sikio, unasema, "Mama, samahani, kule kuko bintu vya kuvunjika, naogopa mutoto asijikate." Umeona? Mutoto asijikate. Si mayai.

Na patro aandike kwa mulango, herufi kubwa, kwa Kiswahili na Kifaransa, nani analipa bintu vikivunjika. Ikiandikwa mbele hakuna mwenye ataona umemutafuta yeye.

Ingine, ya haraka

*Yaya, mi niko upande ingine. Niko na mapasa ya miaka mine, nikiingia tu mu butiki bauzishaji bananiangalia sawa mwizi. Niache batoto na nani? Mama mapasa, Ruashi.*

Mama mapasa, kuja nabo. Balishe mbele ya kutoka, butiki na njaa haviendane hata kwa mutu mukubwa. Kila moja umupe kitu cha kubeba, bisikuwe bya kufanana, juu bakibeba bitu bya kufanana, kila moja ataona ya mwenzake njo nzuri. Makuta uipige hesabu nyumbani. Na achana na ile ya kubaambia "yule papa wa butiki atakukamata," munapenda sana ile, kisha mutoto akituona anakimbia anajificha nyuma ya chupa za mafuta.

Na yaurti yenye imetobolewa, iweke ndani ya kikapo chako. Usiirudishe.