Mumtenganishe Leta: jibu kwa mwalimu wa elimu ya uraia

Mwalimu mwenzangu, umeuliza ufanye nini ili wanafunzi wa sekondari waelewe misingi ya serikali, wasiishie kukariri mihimili mitatu na kuisahau baada ya mtihani. Huu ni mwaka wangu wa 14 nikifundisha hapa Lubumbashi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na hili ndilo somo ninalolipenda kuliko yote niliyowahi kupewa.

Usianze na mihimili. Anza na neno Leta, yaani dola, kutoka Kifaransa “l'État”. Watoto wetu wamekua nalo: barabara ya Leta, kazi ya Leta, mtihani wa Leta. Siku ya kwanza nawaita ubaoni mmoja mmoja waandike kila wanachokiita hivyo. Mwaka jana ubao ulijaa: rais, gavana, burgumestri (mkuu wa komuni), jaji, polisi wa barabarani, anayetoza takse kwenye soko la Kenya, komuni ya hapa mjini, hata mkuu wa shule. Kwao huyo ni mtu mmoja mwenye mikono mingi. Ukiwachorea pembetatu ya bunge, serikali na mahakama wataichora vizuri na pointi watapata, ila wakitoka nje Leta ni yuleyule mmoja.

Mimi namtenganisha kwa sanduku. Darasa langu la mwaka wa pili wa humanite (sekondari ya juu) huchanga franka 500 kila mtu kwa mwezi, za fagio na sabuni. Zamani shefu wa darasa, yaani kiranja, ndiye aliyekusanya, akatunza, akatumia, na yeye huyohuyo akaamua nani atozwe faini. Siku moja zikapungua franka 3,500. Zikapigwa kelele, wengine wakataka avuliwe ushefu palepale. Msichana wa benchi la nyuma akasimama: “Profe, tumuulize kwanza. Lakini nani atamuuliza? Yeye ndiye anatuulizaga sisi.”

Shefu akaingiza mkono mfukoni, akatoa kikaratasi kilichokunjwa mara nne, wino umefifia kwa jasho. Fagio mbili na sabuni. Hakuna hela iliyoibwa. Alikaa nacho wiki nzima kwa sababu hapakuwa na mtu mwenye haki ya kukiomba, akaitwa mwizi na wenzake, akalia mbele yao. Siku hiyo niliona kwamba kumuuliza kiongozi kunamlinda hata kiongozi mwaminifu, na nimelifundisha hilo kila mwaka tangu hapo.

Sasa watano wanapanga matumizi, shefu anatumia, wawili wengine wanaamua ugomvi. Mwenye ufunguo hakai na sanduku. Naanza Septemba, na wakishaishi hivyo wiki tatu ndipo nafungua Katiba ya nchi yetu ya tarehe 18 Februari 2006.

Hapo utakutana na swali gumu, ujiandae. Kifungu cha 68 hakitaji taasisi tatu, kinataja nne: Rais wa Jamhuri, Bunge, Serikali, Mahakama. Mwanafunzi makini atakuuliza mbona Rais na Serikali vimetengwa. Usimkimbie. Mweleze kwamba Rais anachaguliwa na wananchi, lakini Waziri Mkuu anatoka kwenye wingi wa wabunge, na Serikali yake inawajibika mbele ya Bunge la Taifa. Mfano upo karibu: Januari 2021 wabunge waliiangusha Serikali ya Sylvestre Ilunga kwa kura ya kutokuwa na imani, Rais akabaki. Wabunge wa Taifa ni 500, hivyo kura 251 zinatosha. Nikifika hapo kuna anayesema, “Kumbe ni kama wale watano wetu.” Na gavana? Anachaguliwa na wabunge wa jimbo. Hilo hata wazazi wengi hawalijui, liseme, upite.

Umesema pia unaogopa wanafunzi wakileta siasa za sasa darasani. Waache walete. Wangu waliuliza kama Katiba inaweza kubadilishwa, maana nyumbani na kwenye basi ndilo lililokuwa linazungumzwa. Upande wangu sikuwaambia, na wewe usiseme wako, kwa sababu ukisema tu wanaacha kufikiri na kuanza kukufurahisha. Niliwapa vifungu viwili wavisome kwa sauti. Cha 220 kinataja mambo yasiyoguswa, pamoja na idadi na urefu wa mihula ya Rais. Cha 218 kinasema nani anaweza kuanzisha marekebisho: Rais, Serikali, nusu ya wajumbe wa Bunge la Taifa au wa Seneti, au wananchi 100,000 kwa saini zao.

Hao 100,000 waliwashangaza. Walidhani mambo hayo huanzia Kinshasa, kwa wakubwa. Kijana mmoja akafungua daftari, akahesabu mistari, akagawanya: majina 25 kwa ukurasa, kurasa 4,000. Darasa likanyamaza likimtazama. Kisha yule msichana wa benchi la nyuma akauliza nani angeyahakiki hayo majina, na nani angemhakiki huyo anayehakiki. Kengele ikalia, hawakutoka.