Vikao vikikukaba, toka kwanza

Jana dada mmoja kanitumia meseji, anasema kazini vikao haviishi, kichwa kimejaa, gitaa lake limekaa nyuma ya kabati tu, afanyeje. Dada angu, ngoja nikupe kisa cha George Harrison, mpiga gitaa wa Beatles, ile bendi ya Waingereza.

Mwaka 1969 ulimwanzia vibaya sana yule bwana. Januari aligombana na wenzake akaondoka kwenye bendi, ikabidi wambembeleze arudi, Februari akatolewa tonsili, Machi polisi wakamvamia nyumbani wakamkamata kwa bangi. Na kampuni yao ya muziki ya Apple (siyo hii ya simu) nayo vurugu tupu, maana meneja wao Brian Epstein alishafariki 1967, so wanamuziki wenyewe ndo wanashinda kwenye vikao vya biashara, saini hapa saini pale, mwenyewe alisema palishakuwa kama shule. Basi siku moja mwezi wa nne akaamua leo siendi. Akaenda kwa rafiki yake Eric Clapton huko Surrey, akaazima gitaa, akawa anazunguka nalo bustanini, jua ndo kwanza linatoka baada ya baridi ndefu ya Uingereza. Wimbo wa Here Comes the Sun, yaani jua hilo linakuja, ukaanzia hapo. Ule mwanzo wake gitaa linalia juu juu vile kwa sababu kapo, kile kibanio cha nyuzi, kiko freti ya 7, yaani vile vyuma vya shingoni mwa gitaa, jaribu utaona. Maneno alimalizia likizoni Sardinia, kisiwa cha Italia, Julai wakaingia studio, mwenzao John Lennon hayumo kabisa, alikuwa kapata ajali ya gari huko Uskoti.

Mimi haya nayajua. Bendi niliyokuwa napiga tulikuwa tunakaa vikao mpaka usiku wa manane kugawana hela ya harusi, hela yenyewe kiduchu maneno kibao. Nikazima simu nikaenda kwa shangazi Bagamoyo, nikakaa chini ya mwembe na gitaa la binamu yangu lenye nyuzi tano, ile nyembamba kabisa ilishakatika. Nilirudi na wimbo ambao mpaka leo maharusi wanauomba kwa jina. Wenzangu waliniita mtoro mbele za watu, iliniuma na bado inaniuma, ila wimbo ni wangu na hakuna wa kuninyang'anya.

Kwa hiyo toka dada. Zima simu, nenda kwa mtu anayekupenda, laptopu iache nyumbani, shika gitaa hata la kuazima. Watasema hujali kazi, waache waseme. Mungu hakukupa kipaji kiozee kwenye makabrasha! Usingoje likizo, toka Jumamosi hii hii, na ukipata hata ubeti mmoja nirekodie unitumie.