Mama amenyamaza tangu tumpeleke makao ya wazee

Shikamoo shangazi. Naishi Likoni na kazi yangu iko Changamwe, kwa hivyo natoka alfajiri narudi usiku. Mamangu ana miaka 76. Mwaka jana alipatwa na kiharusi, upande wa kushoto ukalemaa, na ana presha na sukari. Tunakaa ghorofa ya tatu, lifti hakuna. Alipotoka hospitali, kakangu wawili walioko Doha walikubaliana kwa simu apelekwe makao ya wazee upande wa Kisauni, na wao ndio wanaolipa. Mama alikuwa haishi hadithi, sasa amenyamaza. Amekonda, sahani yake inarudi nusu. Kila Jumapili nikimuaga huniambia, "Nirudishe kwangu." Mama mdogo naye ameuambia ukoo mzima kwamba nimemtupa mamangu na nitapata laana. Nifanyeje?
Binti wa Likoni

Marahaba, mwanangu. Nitaanza na hiyo sahani inayorudi nusu. Mama mdogo tutamjia.

Mtu anayemeza dawa za sukari au kudungwa insulini, na huku hali vya kutosha, sukari yake yaweza kushuka mpaka azirai. Hutokwa na jasho, hutetemeka, maneno humparaganyika, au hulala ghafla mchana. Kwa mzee, walio karibu huona hayo wakasema ni uzee tu. Kwa hivyo usingoje Jumapili. Piga simu leo umuulize nesi: mama anapimwa sukari mara ngapi, na daktari anajua kwamba amepungua mwili? Dozi aliyoandikiwa alipokuwa anakula vizuri huenda sasa imemzidi. Wa kuibadilisha ni daktari, si wewe wala wahudumu. Waombe pia wampime uzito kila mwezi na waandike, ili kukonda kusiwe neno lako dhidi ya lao.

Kisha tafuteni kwa nini hali. Wewe umeshaamua ni huzuni, na huenda ni kweli, lakini mtazame kinywani kwanza. Meno ya bandia hulegea mtu akikonda, yakawa yanamchubua fizi, na mama wa umri wake atastahi kumwambia mgeni. Kiharusi nacho hudhoofisha koo. Ukiona anakohoa kila akinywa chai, pengine anaacha chakula kwa kuogopa kupaliwa. Mwambie daktari, maana kuna namna ya kumkalisha na kuna vyakula vinavyopita vyema. Ambukizo la mkojo pia huweza kumzima mzee hata bila homa, hasa ukiona amebadilika kwa siku mbili tatu tu. Na kama hayo yote hayapo, basi sonona huwapata wengi baada ya kiharusi, na ina tiba. Najua watu wetu wakisikia maradhi ya akili huwaza wodi ya wagonjwa wa akili ya hospitali ya Port Reitz na kunong'ona. Waache wanong'one, mama atibiwe.

Sasa jambo lililonikaa moyoni niliposoma barua yako. Umenieleza kakako walisema nini, mama mdogo anasema nini, wewe unaumia vipi. Mama mwenyewe aliulizwa na nani? Alitolewa kitanda cha hospitali akavushwa daraja la Nyali bila kuaga majirani, bila hata kuchagua leso za kwenda nazo. Mwanamke aliyeendesha nyumba yake mwenyewe leo anaamshwa, anaogeshwa na kulishwa kwa saa walizopanga wengine. Ningekuwa mimi, ningenyamaza vilevile. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 57, inampa mzee haki ya kuishi kwa heshima na kutunzwa na jamaa zake na serikali. Heshima hiyo huanzia mbali na mahakama: ni kuulizwa chai yake itiwe tangawizi au isitiwe, aoge asubuhi au alasiri, mlango ufungwe au uachwe wazi.

Kaa naye umwombe radhi kwamba hakuulizwa. Usimwambie "wiki ijayo, mama" ili upate kuondoka. Atahesabu siku, na hatakuamini tena. Muulize akisema "kwangu" anataka nini hasa. Huenda ni baraza na majirani. Huenda ni kitanda chake, au mwenzake wa chumba anayepiga kelele usiku. Mengine utayamaliza kwa kumhamisha chumba tu, au kwa kumpelekea leso zake, asumini na redio ndogo. Mkono wa kulia ni mzima: waombe wenye makao wampe mbaazi achambue, awe na kazi ya kuulizwa imefika wapi. Mtu asiyetakiwa na yeyote kwa lolote huona hana la kusema.

Na ziara zako zibadilishe. Nenda saa ya chakula ukamlishe mwenyewe uone anavyomeza. Nenda siku ambayo hawakutarajii, hata kama ni baada ya kazi na una nusu saa tu. Mfunue miguu utazame visigino, nyonga, na chini ya mgongo. Ngozi iliyoiva wekundu au kuwa nyeusi zaidi, yenye joto, isiyopauka ukiibonyeza, ni mwanzo wa kidonda cha kulalia, na asiyeweza kujigeuza huhitaji kugeuzwa takriban kila saa mbili. Wahudumu wengi wa makao haya ni watu wenye huruma wanaofanya kazi ngumu. Wajue kwa majina, wasalimie, washukuru. Lakini wakikuzuia kuingia bila taarifa, au ukikuta vidonda wasivyoweza kuvieleza, mtoe mamako siku hiyohiyo.

Ikiwa baada ya yote bado atataka kutoka, pigeni hesabu na kakako. Ada wanayolipa huko yaweza kutosha kodi ya nyumba ya chini, pasipo ngazi, na mshahara wa msaidizi anayelala humo. Yaweza pia isitoshe, maana mtu aliyelemaa upande mmoja hainuliwi na msichana mmoja mchana na usiku. Mama awepo kwenye simu hiyo na hesabu asomewe. Kama amesajiliwa Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa wazee fedha, zile shilingi 2,000 za mwezi ni zake, aseme yeye zinunue nini. Na kakako wapige simu kwake moja kwa moja, wasingoje wewe uwape habari.

Mama mdogo usibishane naye. Laana humpata anayemtesa mzazi, na wewe hulali kwa ajili yake. Mwambie kwa adabu kwamba mama anamkumbuka na siku za Jumatano hana mtu, umuulize aende saa ngapi. Akienda, mshukuru mbele ya ukoo huohuo. Asipokwenda, usimuulize mara ya pili. Mpe siku hiyo jirani wa zamani aliyekuwa akikaa na mama barazani, na umlipie nauli.