Santuri na Sahani za Ukutani Hazipendi Kufungiwa

Wanaoniuliza namna ya kutunza santuri za zamani na mapambo ya kabati la bibi hutarajia niwaambie wanunue sanduku zuri, wavipange humo, wafunge kwa kufuli na kuvisahau. Kwa hewa yetu ya Tanga, huko ni kuviua. Katika mji wa pwani ambao chumvi na unyevunyevu haviondoki hewani, kitu kinachoguswa, kufutwa vumbi na kutumiwa huishi miaka mingi kuliko kile kilichofichwa. Nimekuwa mkusanyaji wa vitu hivi kwa sehemu kubwa ya maisha yangu hapa Ngamiani, na karibu kila santuri iliyooza na kila birika lililoliwa na kutu nililoonyeshwa lilitoka ndani ya kasha ambalo wenyewe walidhani linalihifadhi.

Nianze na santuri, kwa kuwa huko ndiko Tanga inakostahili kujivunia. Katika miaka ya 1960 mji huu ulikuwa na Jamhuri Jazz na Atomic Jazz kwa wakati mmoja, na wazee wangu wa barazani hadi leo hawajakubaliana ni bendi gani iliyokuwa na magitaa matamu zaidi. Ndugu wawili, Wilson na George Peter Kinyonga, walipitia Jamhuri Jazz kabla ya kuelekea Arusha, na kisha Kenya, walikokuja kujulikana kwa jina la Simba Wanyika. Upande wa taarabu kulikuwa na Black Star na baadaye Lucky Star, vikundi vilivyopunguza ukubwa wa okestra ya zamani, vikaingiza gitaa la umeme na besi, na kuifanya taarabu ichezeke. Sauti ya mwimbaji Shakila ilitokea humo. Sehemu kubwa ya muziki huo ilitolewa kwenye santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, nyimbo za taarabu zikitoka kwa lebo ya Mzuri ya Mombasa, na ndiyo maana zimebaki majumbani badala ya kubaki katika maghala ya redio peke yake.

Ukiipata moja, ishike kwa kingo zake, uielekeze kwenye mwanga wa dirisha na kuiinamisha kidogo. Mikwaruzo ya juujuu itaonekana kama nywele, nayo haina madhara makubwa. Ya kuogopa ni mkwaruzo unaosikika unapopitisha ukucha taratibu. Madoadoa ya kijivu yanayofanana na unga ni ukungu, na huo husafishika ukiuwahi. Mara nyingi utakuta jina la mwenyewe limeandikwa kwa wino kwenye lebo, ili santuri isipotelee harusini ikiazimwa. Nakuomba usilifute jina hilo. Wachuuzi wengine huona limeharibu lebo. Mimi naona ndiyo stakabadhi pekee inayoonyesha santuri ile iliishi nyumba gani.

Ukungu huletwa na unyevunyevu uliokosa njia ya kutokea. Mfuko wa karatasi hunyonya hewa ya masika, mfuko wa nailoni huizuia ndani, na sanduku lililofungwa humalizia kazi. Kwa hiyo pendelea rafu iliyo wazi, iliyo mbali kidogo na ukuta wa nje, mahali ambapo upepo unapita lakini jua halifiki. Santuri zisimame wima, zisilazwe moja juu ya nyingine, kwa sababu uzito huzipinda, na chumba chenye joto la bati la paa huzipinda upesi zaidi. Kisha zipigwe. Kila unapoitoa santuri kwenye mfuko, ukaifuta na kuirudisha, umeukagua ukungu bila kukusudia.

Kwa kuosha, chukua maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa kwenye maduka ya vipuri kwa ajili ya betri za magari, ila hakikisha kwa macho yako kwamba si asidi. Tia tone la sabuni laini ya vyombo, chovya kitambaa laini, ufute kwa kuzunguka kufuata mistari, kamwe usikate mistari, na lebo isilowe. Suuza kwa maji yaleyale yasiyo na sabuni, kisha iache ikauke kivulini.

Hapa pana onyo ninalolitilia mkazo. Santuri nzito za mizunguko 78, zile za kizazi cha Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar ambaye alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, si za plastiki. Zimetengenezwa kwa shelaki, utomvu unaotokana na wadudu, nayo huyeyuka kwa spiriti. Mtu anayeisafisha kwa spiriti, kama anavyosafisha kidonda, anaufuta wimbo wenyewe. Zina udhaifu mwingine, kwani zikianguka huvunjika kama kigae. Vilevile usipige santuri ya 45 kwenye gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, kwa sababu sindano ile ya chuma pamoja na uzito wa kichwa chake vitaichimba santuri mara ya kwanza tu. Gramafoni ina santuri zake, na sindano yake hubadilishwa kila upande unapokwisha. Kama una fedha kidogo na unasita kati ya kununua santuri zaidi na kununua sindano mpya ya mashine yako, nunua sindano.

Mapambo nayo yana historia ndefu katika nyumba za Waswahili. Sahani za kauri zilipangwa kwenye zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, na kutundikwa kutani tangu karne nyingi, na zile za maua zilizowahi kuletwa kutoka Maastricht, Uholanzi, bado zinapatikana katika pwani hii. Geuza sahani uitazame chini, na ukiona jina la mji huo pamoja na alama ya kiwanda, umeshika kitu kilichosafiri mbali. Kando yake weka mrashi, chetezo, dele la kahawa, masinia ya shaba, birika la enameli na zile bilauri zenye mstari wa dhahabu mdomoni, ambazo katika nyumba nyingi zilitolewa kwa ajili ya wageni pekee.

Shangazi yangu hakuwahi kusoma popote habari za uhifadhi, lakini sijaona mhifadhi aliyemzidi. Idi inapokaribia, kila kilichomo kwenye kabati la vioo kilishushwa na kupangwa juu ya mkeka. Beseni la maji ya uvuguvugu liliwekwa kitambaa chini ili bilauri zisigongane. Vyenye mistari ya dhahabu vilioshwa kwa vidole, bila steliwaya, na vilikauka vyenyewe juu ya kanga kuukuu. Shaba ilisuguliwa kwa ukwaju na majivu yaliyochekechwa, ikasuuzwa na kukaushwa papo hapo. Kabla ya kuirudisha kila sahani aliigonga kwa kifundo cha kidole. Iliyolia kwa sauti ya wazi ilipandishwa juu. Iliyotoa sauti ya bubu ilikuwa na ufa hata kama jicho halikuuona, ikawekwa rafu ya chini isiyo na hatari. Kipimo hicho nakitumia kila ninaponunua, na wauzaji wanaojua hunitazama kwa heshima.

Ningeongeza machache tu. Shaba yenye nakshi isisuguliwe mara kwa mara, kwa kuwa nakshi hulika. Ifutwe kwa kitambaa kikavu na ukwaju ungoje sikukuu. Waya wa kutundikia sahani ukaguliwe, maana hewa ya bahari huula na siku ukikatika sahani haitasalimika. Enameli isitolewe motoni na kumwagiwa maji baridi, kwani hupasuka, na kutu huanzia penye ufa.

Kuhusu kununua, anza na nyumba za jamaa kabla ya kwenda sokoni, na usiende kama dalali. Amkia, kaa, ulizia hali, kisha omba kuonyeshwa. Bibi aliyeitunza sahani tangu siku ya harusi yake hastahili kupewa bei ya chuma chakavu; na akikataa kuuza, furahi kwamba kitu kipo mahali pake, umsaidie kukifuta vumbi. Wengi huwa radhi zaidi kukuazima santuri uwapigie kuliko kukuuzia, na mimi hukubali kila mara.

Ndiyo sababu nakushauri usizipige peke yako chumbani. Toa mashine barazani alasiri, alika wazee, mimina kahawa kwenye dele lenyewe na uitumie bilauri ya wageni kwa wageni. Shabiki wa Atomic atakutajia nani alikuwa kwenye gitaa na wimbo ulipendwa katika ukumbi gani, na shabiki wa Jamhuri atamkatalia, nawe utapata habari ambazo hazikuandikwa kwenye lebo yoyote. Andika maneno ya wote wawili kwa penseli kwenye kikaratasi kikavu, taja nani kasema nini na tarehe, halafu kitie ndani ya mfuko, nyuma ya santuri, kisigusane na mistari yake.