Dairekta wa TV kuhamia chuo kufundisha: majibu marefu kidogo

Mkuu umeuliza kama dairekta aliyekaa kontroo rumu (chumba cha kuongozea kipindi) miaka yote akiitwa chuo kufundisha akubali au aachane nayo, na wengi hapo juu wamekujibu habari za mshahara tu. Mi nimepita njia hiyo, nimeongoza laivu, midahalo, mpira, sasa hivi ni lekchara.

Kwanza ujue kazi yetu imekaa vidoleni. Ukiwa laivu unaangalia monita zote kwa pamoja, unamwambia kamera 2 ajiandae, sikioni mtu anakuhesabia muda, na unakata, yaani unahamia picha ya kamera nyingine, kabla hata hujajua kwa nini umekata. Hamna anayekuuliza, floo meneja, yule anayesimamia watu ndani ya studio, hawezi kukwambia bosi naomba ufafanuzi. Darasani ndo wanauliza sasa! Nilichora ule mstari wa nyuzi 180, mstari wa kufikirika unaowaunganisha watu wawili wanaoongea, nikasema kamera zote zikae upande mmoja, binti mmoja akanyoosha mkono, kwa nini? Aisee. Ikabidi tuweke watu wawili wanaongea, tukavusha kamera moja ng'ambo ya mstari, tukakata, wote wakaona jamaa wanatazama upande mmoja kama vile wanaongea na mtu wa tatu ambaye hayupo. Kwenye mpira ni balaa zaidi maana timu iliyokuwa inashambulia kulia ghafla inashambulia kushoto, ndo maana shoti ya ng'ambo utaiona zaidi kwenye marudio. Kuijua hiyo na kumwelewesha mtu ambaye hajawahi kushika kamera ni vitu viwili tofauti kabisa.

Halafu kunyamaza. Dairekta kazi yake ni kuongea, kipindi kizima mdomo haufungi, ila kwenye studio ya chuo kiti chako amekalia mwanafunzi, kamera 3 imepoteza fokasi, mgeni anaongea na shoti bado iko kwa mtangazaji, na wewe umesimama nyuma yake mikono mfukoni. Ukimrukia ukabonyeza mwenyewe swicha, ile mashine ya kuchagua picha ya kamera ipi itoke, kipindi kitatoka kizuri ila aliyeongoza ni wewe. Wengi wanaotoka kwenye vituo wanafeli hapa, sio kwenye kujua kazi.

Kuhusu vyeti sitakudanganya, vyuo vingi vinataka masta na kuendelea, na kupanda cheo ni PhD na kuchapisha makala kwenye majarida. Jina lako kwenye krediti, ile orodha ya waliotengeneza kipindi, linakuingiza mlangoni, basi. Tafuta vyuo vyenye PhD ya vitendo, ile ambayo kazi yako yenyewe inahesabika ukiambatanisha na maandishi ya kuichambua. Na vikao jamani, mtu aliyezoea kuamua ndani ya fremu kadhaa, yaani zile picha moja moja za video, na sekunde moja ina fremu 25, anasubiri kubadilisha somo moja lipite idara, kitivo, seneti.

Wanaosema anayefundisha ni aliyeshindwa kazi wamwangalie Alexander Mackendrick, japo yeye alikuwa wa filamu. Alishaongoza filamu kubwa Uingereza na Marekani, 1969 akaenda CalArts, chuo cha sanaa kule California, kuwa mkuu wa kwanza wa shule ya filamu, akafundisha mpaka anafariki 1993. Notisi za wanafunzi aliandika na kuchora mwenyewe, na mi naona alifanya hivyo kwa sababu ile ile niliyosema juu, vitu vya vidoleni havisomeki mpaka uvichore.

Kwa hiyo mkuu usiache kazi kwanza, omba kufundisha kwa muda, semista moja tu utajijua. Kabla hujasaini kaione studio yao kwa macho, swicha inafanya kazi au ni pambo, na fundi yupo au fundi ndo utakuwa wewe. Uliza pia darasa lina watu wangapi, maana asaimenti ya video huwezi kuisahihisha kwa kupitisha macho, ya dakika kumi utaikalia dakika kumi, na nyingine utairudia kuangalia mara mbili.