Faini ya Nyasi na Mnada wa Nyumba: HOA ya Texas Inaishia Wapi

Wenye ndugu Houston na Dallas hutuuliza mara kwa mara: mtu amenunua nyumba yake Marekani, analipa mkopo kila mwezi, inakuwaje apigwe faini na chama cha mtaa, HOA, eti nyasi zimerefuka? Na ni kweli nyumba inaweza kupigwa mnada?

Faini ni kweli. Mnada nao ni kweli. Ila kimoja hakizai kingine, na hapo ndipo watu wengi wanapojikwaa.

HOA ni chama cha wamiliki wa nyumba wa mtaa mmoja. Si serikali ya mtaa, wala si mjumbe wa nyumba kumi. Hakina askari wala uwezo wa kukuweka ndani. Nguvu yake inatoka kwenye masharti yaliyosajiliwa kaunti, na masharti hayo yanafuata kiwanja: ukishanunua, umo, upende usipende. Kwa hiyo yasome kabla ya kutia saini. Na barua ikija baadaye, tafuta imetaja kifungu gani. Mwenyekiti kutopenda rangi ya mlango wako si kifungu.

Kwa wanaoendesha malori, na wenzetu wa kazi hiyo ni wengi, jambo la kuangalia ni maegesho. Mitaa mingi inakataza kichwa cha lori kulala uani kwako, na katazo hilo likiwa limeandikwa, utashindwa. Sukuma wiki mbele ya nyumba nayo mara nyingi ni kesi, ipeleke nyuma.

Kuna mambo ambayo masharti hayayafikii hata yakiandikwa kwa wino wa dhahabu. Dishi la satelaiti lisilozidi kipenyo cha mita 1, likiwa kwenye sehemu unayoitumia peke yako, linalindwa na kanuni ya serikali kuu tangu 1996. Mlemavu anayehitaji njia ya kiti cha magurudumu, au familia inayobaguliwa kwa rangi, dini, asili au kwa kuwa na watoto, inalindwa na sheria ya makazi ya 1968 na marekebisho yake ya 1988. Malalamiko yapelekwe wizara ya nyumba ya Marekani, HUD, ndani ya mwaka 1. Texas yenyewe inalinda alama za dini, mapipa ya kuvuna maji ya mvua na, kwa masharti fulani, paneli za sola. Bendera ya Marekani inalindwa kwa sheria iliyotiwa saini 2006. Ya Kenya au Tanzania hailindwi, kwa hiyo siku ya uhuru itundike sebuleni.

Sasa faini. Texas haijaweka kiwango cha juu cha faini kisheria, tofauti na Florida ambako kwa kawaida ni dola 100 kwa siku na jumla ya dola 1,000, isipokuwa masharti ya mtaa yaseme vingine. Lakini imeweka utaratibu. Kabla ya kukutoza, chama kikuandikie kwa barua ya rejista, kitaje kosa na, kama linarekebishika, kikupe muda wa kulirekebisha. Ukilimaliza ndani ya muda huo, faini hakuna. Piga picha yenye tarehe uitume kwa maandishi. Maneno ya simu hayana ushahidi. Kurudia kosa lile lile ndani ya miezi 6 kunakunyima nafasi hiyo. Hukubaliani? Omba kwa maandishi kusikilizwa na bodi ndani ya siku 30 tangu barua ilipotumwa. Siku 10 kabla ya kikao wanapaswa kukupa nyaraka na picha watakazotumia. Wasipokupa, una haki ya kuahirishiwa siku 15.

Kosa kubwa linafuata hapa: mtu anakasirishwa na faini ya dola 75, anasusa kulipa ada ya mwaka ya chama. Amejikabidhi mwenyewe. Kwa Texas, deni la faini peke yake, pamoja na gharama za wakili zilizotokana na faini tu, haliwezi kuuza nyumba. Deni la ada linaweza. Bishana na faini uwezavyo, ada lipa. Malipo yako kwa kawaida yanapunguza kwanza ada zilizolala, kisha ada ya sasa, kisha gharama za wakili. Faini inakaa nyuma ya hizo. Ukisikia hela yako imemezwa na faini huku ada ikibaki deni, dai ufafanuzi wa hesabu kwa barua.

Ukikwama, omba kulipa kwa awamu. Chama chenye viwanja zaidi ya 14 kinatakiwa kuwa na mpango huo, usiopungua miezi 3. Ukiuvunja, kinaweza kukunyima mwingine kwa miaka 2, tena ule utaratibu wa malipo kupunguza ada kwanza haukulindi vilevile. Usikubali kiwango usichokiweza kwa kuona haya.

Mnada wenyewe kwa kawaida unahitaji kwanza amri ya mahakama. Nyumba ikishauzwa, mwenyewe ana siku 180 za kuikomboa kwa kulipa deni na gharama, zikihesabiwa tangu chama kilipotuma barua ya kumjulisha mauzo. Barua hiyo inakwenda kwenye anwani waliyo nayo. Aliyepangisha nyumba akahamia Ohio, au aliyekuja Mwanza kuuguza mzazi kwa miezi 5, awape anwani mpya kwa maandishi kabla ya kufunga begi, na amwachie mtu ufunguo wa sanduku la barua.