Manase alitubu au hakutubu?

SWALI: Ninaongoza funzo la Biblia katika jumuiya yetu. 2 Wafalme 21 inamaliza habari za mfalme Manase bila toba yoyote, lakini 2 Mambo ya Nyakati 33 inasema alitubu. Niziunganisheje ziwe habari moja?

JIBU: Usiziunganishe, ndugu. Mafunzo mengi juu ya wafalme wa Yuda yanaharibikia hapo. Mwalimu anachota huku, anachota kule, mwisho anapata Manase wa tatu ambaye hayumo katika kitabu chochote. Huyo eti "alitubu uzeeni". Nyakati hakitaji umri wala mwaka wa toba. Kinachotaja, sawasawa na Wafalme, ni kwamba alianza kutawala akiwa na miaka 12 na akatawala miaka 55.

Piga mstari katikati ya karatasi, nakili sura hizo mbili aya kwa aya. Aya 1 hadi 9 zinakaribia kufanana neno kwa neno, ndiyo maana tofauti ndogo zina uzito. Wafalme kinamtaja mama yake, Hefsiba, na kinamfananisha na Ahabu, mfalme mwovu wa Israeli. Nyakati kinaacha yote mawili. Wafalme kinasema alimpitisha mwanawe motoni. Nyakati, wanawe, tena katika bonde la mwana wa Hinomu. Kuanzia aya ya 10 wanaachana kabisa. Wafalme kina hukumu ndefu ya manabii na damu isiyo na hatia iliyojaa Yerusalemu. Nyakati kinaifupisha hukumu kuwa aya moja, damu hakiigusi, kisha kinaleta Waashuri, kifungo cha Babeli, sala, kurudi na ujenzi wa ukuta.

Sasa ongeza 2 Wafalme 23:12. Mfalme Yosia, mjukuu wa Manase, anabomoa madhabahu ambazo Manase alizijenga katika nyua mbili za hekalu. Lakini 2 Nyakati 33:15 inasema Manase mwenyewe aliziondoa madhabahu hizo akazitupa nje ya mji. Soma pia 2 Wafalme 24:3-4, ambako maangamizi ya Yuda yanawekwa juu ya dhambi zake. Aliyekwisha kushona habari moja hukwama hapa, akaanza kubuni: "Mwanawe Amoni alizijenga upya." Wafalme kinasema ni za Manase.

Tazama kila mwandishi anamjibu nani. Wafalme kinaishia Babeli, mfalme Yehoyakini wa Yuda akitolewa gerezani. Swali la wasomaji wake ni kwa nini Yerusalemu ulianguka. Nyakati kinaishia na amri ya Koreshi, mfalme wa Uajemi, ya kuwaruhusu Wayahudi warudi kwao. Wasomaji wake wanataka kujua kama anayemrudia Mungu anapokelewa. Fuata kitenzi kimoja katika 2 Nyakati: watajinyenyekesha (7:14), Manase akajinyenyekesha sana (33:12), Amoni hakujinyenyekesha (33:23). Funzo lako lijenge juu ya kitenzi hicho.

Na jihadhari na video zinazotangaza kwamba akiolojia imethibitisha toba hiyo. Maandishi ya Esarhadoni, aliyetawala Ashuru mwaka 681–669 KK, yanamtaja Manase kati ya wafalme waliolazimishwa kupeleka vifaa vya ujenzi Ninawi. Yanaonyesha alikuwa chini ya Ashuru, basi. Kifungo hayakitaji, toba hayaijui. Vivyo hivyo "Sala ya Manase" inayosambazwa WhatsApp kana kwamba imenakiliwa kutoka Nyakati: Nyakati kinasema aliomba, lakini maneno ya sala hayamo. Sala hiyo iliandikwa baadaye sana, na anayeisoma katika funzo awaambie washiriki hivyo kabla hajaanza kuisoma.